Kituo cha Makaburini

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni saa nne na dakika tano. Hii ni redio ya mji wetu wa Nea Myrsini, na kama mnasikia mtu anagonga-gonga huku chini, huyo ni Stelios wa duka la samaki, anavunja barafu. Nimemwomba asubiri nusu saa tu. Hasikii. Basi tumwache na barafu yake.

Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Jina lake Prodromos Tsakiroglou. Dereva wa basi. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Prodromos Tsakiroglou, yule aliyeendesha basi letu kutoka hapa gatini mpaka Thesalonike mjini na kurudi, miaka thelathini na minne. Alifariki Jumapili. Tulimzika Jumatano. Alikuwa na miaka sabini na sita.

Na jamani, msinipigie simu kuniuliza ni Prodromos yupi. Ni yule wa basi. Safari hii ni yeye kweli.

Wale wazee wenzangu mmeshaelewa ninachosema. Kwa ninyi vijana, na kwa wale mliohamia juzi na maghorofa yenu, nitasimulia taratibu. Nitasimulia kama nilivyosimuliwa na dada yake, Evlambia, juzi jikoni kwake. Evlambia ana miaka sabini na tisa. Alikuwa anachambua dengu. Aliniambia, "Kayaseme yote, lakini usiwalize watu. Mimi mwenyewe silii, wao walie kwa lipi?" Nikamwambia sawa. Akaendelea kuchambua dengu.

Mji wetu mnaujua ulivyo. Mbele bahari, nyuma uwanja wa ndege, kushoto mashimo ya chumvi. Umebanwa. Ndege zinatupita kichwani chini kiasi kwamba ukianika shuka unaweza kusoma maandishi ya ubavuni. Siku isiyo na ukungu, ng'ambo ya ghuba unauona mlima Olimpo. Siku nyingine huuoni hata mkono wako. Na kwenda mjini kuna barabara moja. Moja tu. Inatoka gatini, inapita kanisani kwa Mtakatifu Fotini, inapita makaburini, inazunguka kona ya mashimo ya chumvi, inafika njiapanda ya uwanja wa ndege, ndiyo mjini hiyo. Ukitaka kukwepa makaburi, ota mabawa.

Kwa nini makaburi yako barabarani? Kwa sababu makaburi yalitangulia nyumba. Babu zetu walishushwa hapa na meli mwaka elfu moja mia tisa ishirini na tatu, wametolewa makwao ng'ambo ya bahari, wamepewa mahema na kinamasi. Mbu walikuwa wengi kuliko watu. Kabla hata ya kupimiwa viwanja, walikuwa wameshazika watoto kwenye kile kilima kilichokuwa kikavu. Babu wa Prodromos alizika wawili. Baadaye zikajengwa nyumba, mji ukakua, ukakizunguka kilima. Leo marehemu wetu wamelala kati ya supamaketi na duka la matairi, na mbele yao kuna kituo cha basi. Kituo cha Makaburini.

Sasa sikilizeni hili, maana bila hili hamtaelewa. Huyo babu naye aliitwa Prodromos Tsakiroglou. Alikuja kupata wavulana wawili waliokua. Na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, hilo halina mjadala. Kila mvulana alipooa, akapata mwana, akamwita Prodromos. Kwa hiyo mji mmoja, mtaa mmoja, Prodromos Tsakiroglou wawili, watoto wa ndugu wawili, wamepishana mwaka mmoja. Mmoja akawa fundi boti. Mwingine akawa dereva. Sisi tulisema Prodromos wa Boti na Prodromos wa Basi, na haikuwahi kutokea mtu akachanganya. Haikuwahi, mpaka siku moja.

Lakini kwanza mama. Mama yao Evlambia na Prodromos wa Basi aliitwa Sultana. Mfupi, mkali, alikuwa anavuta sigara akiwa amejificha nyuma ya banda la kuku mpaka ana miaka sabini. Baba yao alikuwa nahodha wa kijiboti cha kuvusha abiria kwenda mjini, enzi ambazo barabara ilikuwa matope na upepo wa kaskazini ukivuma mji mzima ulikaa nyumbani. Lami ilipofika, kijiboti kikafa. Baba akanuna, akaapa hatapanda basi, na kweli hakupanda mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo mwana alipokuja kuwa dereva wa basi, Mama Sultana alicheka peke yake siku nzima. Alisema, "Mume wangu bahari, mwanangu lami. Mimi nitazikwa na nani?"

Mama Sultana alizikwa mwaka themanini na nane.

Utaratibu wa makaburi yetu mnaujua. Kilima kidogo, watu wengi. Unalala miaka mitatu, halafu unafukuliwa umpishe mwenzako. Mifupa inaoshwa kwa divai, inawekwa kwenye sanduku, sanduku linapelekwa kwenye kile chumba cha mifupa, picha yako inabandikwa mbele. Watoto wako wanakuwepo. Hawaandikiwi barua, hawabembelezwi. Wanakuwepo.

Kwa Mama Sultana miaka mitatu ilitimia Septemba ya mwaka tisini na moja. Evlambia alikuwa ameolewa mjini. Akampigia mdogo wake simu.

"Jumamosi saa nne tunamtoa mama."

"Niko zamu."

"Badilishana na mwenzako."

"Nitaona."

"Usiniambie nitaona, Prodromos. Mama hana mtoto mwingine wa kiume."

"Nimesema nitaona, dada."

Hakuona. Hakumwomba mtu. Madereva wenzake wenyewe walisema baadaye, angesema neno moja tu mtu angempokea. Hakulisema.

Jumamosi ile Evlambia alikuwa makaburini na padri na mchimba kaburi. Mchimba kaburi alikuwa akimpa mfupa mmoja mmoja, naye anaosha kwenye beseni, anapanga juu ya kitambaa cheupe. Aliniambia hakuhisi kitu. "Nilikuwa naosha tu, kama vyombo." Alikuwa ameshika fuvu la mama yake mkononi, amelimiminia divai, ndipo akasikia basi.

Alilijua kwa honi. Prodromos alikuwa na mtindo wake: kila akizunguka ile kona ya mashimo ya chumvi, anapiga honi mbili. Hakuna aliyejua sababu. Basi likaja, likafunga breki pale kituoni, nje ya ukuta. Milango ikafunguka, ile pumzi mnaijua. Evlambia akainua kichwa. Akasema moyoni, amekuja. Akatazama geti.

Hakuna aliyeingia. Hakuna hata aliyeshuka. Milango ikafungwa, basi likaondoka.

Baada ya saa moja na nusu likarudi. Likasimama, likafungua milango, likafunga. Mara ya pili Evlambia hakuinua kichwa.

"Asingesimama, ningemsamehe," aliniambia. "Angepita moja kwa moja ningesema ana haraka, ana kazi, ana ujinga wake. Lakini kufungua milango! Unafungua, unaona ukuta, unajua nani yuko nyuma ya ukuta, unafunga! Lo!"

Mchana ule alishuka kwa miguu mpaka gatini, mikono inanuka divai. Mdogo wake alikuwa amemaliza zamu, amekaa kwenye benchi na madereva wenzake, anamimina kahawa kutoka kwenye chupa ya chai. Evlambia hakusalimia mtu. Alisema hivi, na waliokuwepo wanaikumbuka mpaka leo:

"Hukuja kumtoa mama ardhini. Na mimi sitakuja kukuingiza wewe."

Prodromos akafunga kifuniko cha chupa, polepole, mpaka mwisho.

"Sawa," alisema.

Hiyo sawa ndiyo iliyomkata dada mtu. Angetukana, angelia, angemtupia kahawa usoni. Sawa! Evlambia hakukubali kurudi mjini kwa basi. Akapanda boti ya watalii, ya mwisho ya msimu, bahari imechafuka, akatapika njia nzima. Tangu siku hiyo hakukanyaga Nea Myrsini. Ningesema hakutaka, lakini ukweli ni kwamba hakuwa na njia. Barabara moja, basi moja, na kila basi lingeweza kuwa lake. Miaka minane. Narudia, miaka minane, ndugu wa tumbo moja, dakika hamsini za safari.

Wakati huo Prodromos alikuwa akipita makaburini mara nane kwa siku. Mara nne kwenda, mara nne kurudi. Anafungua milango, anafunga. Kuingia hakuingia.

Tunakuja sasa mwaka tisini na tisa, Novemba. Prodromos wa Boti, yule binamu, alianguka chini ya boti ya Mjerumani mmoja akiwa na brashi mkononi. Moyo. Akafariki palepale. Familia ikachapisha matangazo ya msiba kama kawaida, yakabandikwa kwenye nguzo, kwenye duka la mikate, kwenye vituo vya basi. Sasa tangazo halisemi wa Boti wala wa Basi. Linasema jina lako la kanisani. Prodromos Tsakiroglou. Chini yake ndipo yanapokaa majina ya mke na watoto, na hapo ndipo mtu anapojua ni nani. Usiku ule upepo wa kaskazini ulivuma. Lile tangazo la kituoni lilichanwa katikati. Jina likabaki. Majina ya mke na watoto yakaenda baharini.

Asubuhi Bi Loukia wa duka la mikate akalisoma. Bi Loukia huyo, Mungu amsamehe naye, alikuwa na moyo mzuri na macho mabovu. Akampigia simu Evlambia.

"Kaa chini kwanza, mwanangu."

"Nimekaa," alisema Evlambia, amesimama.

"Prodromos wenu ameenda."

Evlambia akahamisha simu kwenye sikio la pili.

"Nimesoma pale kituoni. Na jana basi lake lilikuwa na dereva mwingine, nikasema hapa kuna jambo. Mazishi kesho, saa saba. Uko hapo?"

"Niko. Asante, Bi Loukia."

Dereva mwingine alikuwepo kweli. Prodromos wa Basi alikuwa amechukua siku moja kumsaidia mjane wa binamu yake kutafuta jeneza. Lakini hilo Bi Loukia hakulijua, na Evlambia hakuuliza. Kwake yeye duniani kulikuwa na Prodromos mmoja tu.

Akaweka simu. Alikuwa anafunga nyama kwenye majani ya kabichi. Akaendelea kufunga. Alifunga arobaini, akazipanga kwenye sufuria, akaona amesahau kutia mchele. Akazifungua zote, akaanza upya. Hakuna kilichomuuma. Aliniambia, "Nilijipapasa, nikasema pengine itauma jioni. Jioni ikafika."

Mumewe Fotis alimuuliza mezani, "Utaenda?"

"Nilisema sitaenda."

"Najua ulichosema. Nakuuliza utaenda?"

"Kula, kinapoa."

Asubuhi akavaa nguo nyeusi. Fotis akamwona mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kununua mkate."

Fotis akatazama zile nguo, akatazama kapu ambalo hakulibeba. "Chukua mwavuli," alisema.

Alinunua maua pale stendi, akasimama kwenye foleni ya basi la Nea Myrsini. Mara ya kwanza baada ya miaka minane. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, nilimkatiza. Nikamuuliza, hukuogopa? Akanitazama kama mtu mjinga. "Niogope nini? Aliyekuwa ananizuia kupanda alikuwa amekufa."

Akapanda kwa mlango wa katikati. Akatoboa tiketi kwenye mashine, akaenda kukaa nyuma kabisa, maua mapajani, akaelekeza uso dirishani. Mbele hakutazama. Alikuwa ameshazoea kutotazama madereva.

Na usukani ulikuwa mikononi mwa nani? Mnajua ulikuwa mikononi mwa nani. Binamu yake wa damu anazikwa saa saba, mtu waliyegawana naye jina na viatu vya shule, na Prodromos wa Basi yuko zamu. Kama kawaida yake. Jeneza alisaidia kutafuta. Kusimama kaburini, hapana.

Alimwona dada yake kwenye kioo walipofika njiapanda ya uwanja wa ndege. Aliona nguo nyeusi na maua. Akasema, anakwenda kumzika Prodromos wa Boti, ni binamu yake pia. Hakuwaza kingine. Angewazaje? Akaendelea kuendesha. Ndege ikapita juu. Abiria wakainamisha vichwa kama tunavyofanya sote bila kujua.

Kwenye kona ya mashimo ya chumvi akapiga honi mbili.

Evlambia akazisikia. Akajiambia, wamemwiga. Hata honi wamemwiga. Na bado haikuuma.

Basi likasimama Makaburini. Milango ikafunguka. Wakashuka saba wenye maua. Evlambia akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Si kwamba ilitetemeka. Ilikaa tu, kama miguu ya mtu mwingine aliyeisahau pale. Akatazama ukuta kupitia dirisha. Kiapo alikuwa ameshakivunja kwa kupanda, lakini hakuweza kukivunja kwa kushuka.

Milango ikabaki wazi. Dakika moja. Dakika ya pili.

"Twende bwana!" mzee mmoja akapiga kelele. "Tunasubiri wafufuke?"

Prodromos alikuwa anamtazama dada yake kwenye kioo. Angeweza kufunga milango. Mkono ulikuwa kwenye kitufe, na mkono ule ulikuwa umefunga milango pale mara maelfu. Akazima injini. Akavuta breki ya mkono. Akainuka, akapita katikati ya viti mpaka nyuma.

"Dada. Kituo ni hiki."

Evlambia akainua uso.

"Wewe umekufa," alisema.

"Bado. Nina zamu mpaka saa tisa."

"Nimeambiwa umekufa. Nimekuja kukuzika."

Prodromos alichelewa kuelewa. Alipoelewa akashika kiti.

"Ni Prodromos wa Boti," alisema. "Dada, aliyekufa ni Prodromos wa Boti."

Evlambia akampiga. Kwa yale maua, begani, kwa nguvu zote, halafu mara ya pili, petali zikaruka mpaka kwa kina mama wa mbele. Yule mzee akasema, "Mchape, mama, ametuchelewesha!" Hakuna aliyecheka.

"Ulisema hutakuja," alisema Prodromos.

"Nilisema."

"Na umekuja."

"Usinikumbushe. Shuka."

"Nina abiria, dada."

"Shuka, Prodromos."

Akachomoa ufunguo, akashuka. Aliacha abiria ishirini na watatu ndani ya basi lililozimwa, kwenye barabara moja tuliyonayo, saa saba mchana. Foleni ilifika mpaka kanisani. Honi zilipigwa mpaka watu wakachoka kupiga honi.

Wakamzika binamu yao. Halafu Evlambia akamshika mdogo wake mkono wa koti, akampeleka kwenye chumba cha mifupa. Safu ya tatu, upande wa kulia, sanduku la Mama Sultana, na ile picha ambamo amenuna kwa sababu mpiga picha alimnyang'anya sigara. Prodromos akavua kofia. Akasimama muda mrefu.

"Sihisi kitu," alisema.

Evlambia akafuta vumbi la sanduku kwa kidole.

"Nilijua sitahisi kitu. Siku ile nilifungua milango nikashindwa kuinuka. Mara mbili. Nikaogopa nikiingia utaniona sihisi kitu, mama yangu mzazi. Nikafunga."

"Hata mimi sikuhisi kitu," alisema Evlambia. "Nilikuwa naosha tu."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Simama hapa."

"Nisimame nifanye nini?"

"Hakuna. Simama tu."

Wakasimama. Ndicho walichofanya, wasikilizaji wapendwa, na sina la kuongeza hapo. Hawakukumbatiana. Walisimama mbele ya sanduku, bega kwa bega, mpaka padri akaja kufunga.

Abiria nao wakachoka kukaa, wakaingia kwenye kile chumba cha kahawa cha makaburini, wakanywa kahawa na brandi ya msiba, wakala ile ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu ambaye wengine hawakumjua, wakasema Mungu amsamehe. Yule mzee alikunywa brandi tatu. Hata hivyo kuna mtu alipeleka malalamiko, na Prodromos akasimamishwa kazi siku kumi. Ile barua ya kusimamishwa aliibandika jikoni kwake. Mkewe aliitoa mara mbili, akairudisha mara mbili.

Tangu hapo Evlambia alikuja kila Jumapili. Miaka saba, mpaka Prodromos alipostaafu, alimleta na basi lake mwenyewe, dada mtu amekaa kiti cha kwanza nyuma ya dereva. Hawakuongea sana. Siku moja Evlambia alimuuliza zile honi mbili ni za nini. Akasema, "Baba alikuwa anapiga mbili akikaribia gati, ili mama atie samaki kikaangoni."

Jumapili iliyopita Prodromos alikula chakula cha mchana, akatoka kukaa kwenye baraza lake linalotazama barabara. Mkewe, Chrysanthi, alipompelekea kahawa alikuwa ameshaondoka. Binti yao anaitwa Sultana, kama bibi yake, jina la nani lingine? Ndiye aliyempigia shangazi yake.

"Shangazi, baba amefariki."

"Prodromos yupi?"

Safari hii aliuliza.

"Baba, shangazi. Baba yangu."

"Umemwona?"

"Nimemfumba macho mwenyewe."

"Basi sawa," alisema Evlambia. Aliposikia neno hilo limetoka kinywani mwake, akaketi chini. Haikuuma. Akasubiri jioni.

Jumatano walimpelekea gari. Mkwe wa Prodromos alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Evlambia akakataa. Ana miaka sabini na tisa, goti bovu, mvua inanyesha. Akasema atakwenda kwa basi. Wakambembeleza, wakagomba, wakamwambia atachelewa. Akasema, "Anisubiri. Na yeye alinisubirisha."

Pale stendi hakupanda kwa mlango wa katikati. Alipanda kwa mlango wa mbele, akasimama kwenye ngazi na mwavuli unadondosha maji, akamtazama dereva usoni. Akamtazama sana.

Dereva alikuwa mwanamke kijana, nywele amezifunga nyuma.

"Mama, kuna tatizo?"

"Hapana, mwanangu. Naangalia tu."

Nilimuuliza Evlambia, ulikuwa unaangalia nini? Aliacha dengu. Mara ya kwanza tangu niingie aliacha zile dengu.

"Walishakosea mara moja," alisema. "Nikasema, labda wamekosea tena."

Akakaa kiti cha kwanza. Njiapanda ya uwanja wa ndege. Kona ya mashimo ya chumvi, na honi haikulia. Basi likasimama, milango ikafunguka. Evlambia alikuwa ameketi. Yule binti akasubiri kidogo, akageuka.

"Mama," alisema kwa upole. "Kituo ni hiki."

Akashuka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Chrysanthi, kwa Sultana na mumewe, kwa madereva wote wa barabara yetu, na kwa Evlambia, ambaye najua redio umeiwasha na umejifanya hujaiwasha: uhai kwenu, na kumbukumbu yake idumu. Ngano ya siku arobaini italiwa kanisani kwa Mtakatifu Fotini, tarehe tutaitangaza. Baada ya miaka mitatu atatolewa ardhini. Evlambia ameniomba niseme hadharani kwamba siku hiyo atakuwepo yeye, na beseni lake, na atakayesema niko zamu atamjua.

Na ninyi mnaonisikiliza, pengine kuna mtu mnayepaswa kumwendea, milango imefunguliwa mbele yenu nanyi mmekaa. Msisubiri mpaka muhisi kitu. Nendeni hivyohivyo, mkasimame tu. Mimi nina kaka anayeishi kule Katerini, ng'ambo ya ghuba. Nikizima kipaza sauti hiki nitampigia, na sijui nitamwambia nini.

Huku chini kumenyamaza. Stelios ameacha barafu.